Siku mbili Lushoto bila mtoto, na swali nililochelewa kumuuliza mume wangu

Kama si mama mkwe, tusingekwenda.

Ilikuwa Jumapili jioni, mwishoni mwa Juni, nyumbani kwetu Kimara. Alikuja kumwona mjukuu wake akatukuta kama tunavyokaa siku zote: mimi nipo mkekani na Junior, mume wangu yupo kwenye kochi na simu yake, televisheni inaongea peke yake. Alitutazama kwa muda bila kusema kitu. Alipomaliza chai yake akasema, "Wikiendi ya Sabasaba nitakuja kulala hapa. Ninyi nendeni mahali."

"Mama, twende wapi na mtoto bado ananyonya?" nikamuuliza.

"Ana mwaka na miezi miwili, anakula ugali na dagaa. Mtoto ana bibi. Nendeni mkaongee."

Neno hilo, mkaongee, lilinichoma. Niliona kama mama mkwe anajua jambo ambalo mimi silijui. Kumbe kweli alikuwa analijua, ila halikuwa lile nililokuwa nikiliogopa.

Nililokuwa nikiliogopa ni hili. Tangu Junior azaliwe, mume wangu alikuwa akilala kwenye kochi. Mwanzoni ilieleweka, mtoto alikuwa akiamka kila baada ya saa mbili na baba anatakiwa kazini asubuhi. Lakini Junior alipofikisha miezi minane akaanza kulala usiku kucha, na baba yake hakurudi kitandani. Nikimsogelea, anakumbuka kwamba hajafunga geti. Nikimshika mkono, anaangalia saa.

Nina miaka 28. Tumbo langu lina michirizi ambayo halikuwa nayo, na nguo zangu za zamani nimezifungia kwenye begi juu ya kabati. Nikajipa jibu mwenyewe: hanitaki tena. Usiku mmoja nilichukua simu yake nikaipekua. Nilikuta ujumbe wa kazini na ubishi wa mpira kwenye kundi la timu ya mtaani. Sikupata nafuu yoyote. Nilipata aibu.

Mwandishi wa afya asiyeuliza nyumbani kwake

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kazi yangu ni kuuliza maswali. Nimekaa wodini na kina mama waliojifungua, nimewauliza wakunga, madaktari na waganga wakuu. Niliandika habari za Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022, ulioonyesha vifo vitokanavyo na uzazi nchini vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Nilifurahia kuiandika habari ile.

Baadaye kidogo nikajifungua mimi. Junior alizaliwa salama, kwa njia ya kawaida, saa nne usiku. Muda mfupi baadaye nilianza kutokwa na damu nyingi. Ninachokumbuka ni baridi, taa ya darini, na mtu akiniita jina langu kwa nguvu. Nilipozinduka vizuri ilikuwa asubuhi, nikaambiwa nimeongezewa uniti tatu za damu. Siku ya nne niliruhusiwa kurudi nyumbani. Nikala maini na mboga za majani, nikameza vidonge vya kuongeza damu, nikapona.

Watu wakiniuliza nilijifungua vipi, nilikuwa nikijibu, "Salama tu, nilipungukiwa damu kidogo." Kwangu mimi jambo lile lilikuwa limekwisha. Sikuwahi kumuuliza mume wangu kama na kwake limekwisha.

Kwa nini Lushoto

Tuliichagua Lushoto kwa sababu tatu. Kwanza, unaweza kufika kwa basi moja kutoka Dar es Salaam bila kubadilisha gari. Pili, niliwahi kupita huko siku moja kwa kazi nikajiambia nitarudi. Tatu, ni baridi, na nilitaka kukaa mahali ambapo mtu analazimika kujifunika blanketi.

Mji huu uko katika Milima ya Usambara mkoani Tanga, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani walipotawala walikimbilia huko kutafuta hewa inayofanana na ya kwao, wakaupa jina la Wilhelmstal. Hadi leo ukitembea mjini unaona majengo ya zamani ya enzi hizo, na miti mirefu ambayo huioni pwani.

Jumamosi saa 12 asubuhi tulikuwa kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi. Tuna begi moja dogo, la kwanza dogo tangu niwe mama, maana kwa mwaka mzima sikuwa nimetoka nyumbani bila nepi, chupa, chandarua na nguo za kubadilisha. Nilijihisi kama nimesahau kitu. Kabla hatujafika Chalinze nilikuwa nimempigia simu mama mkwe mara mbili.

"Anakula uji," alisema mara ya kwanza. Mara ya pili akasema, "Mwanangu, ukipiga tena sipokei."

Tulipita Msata, Wami na Mkata tukiwa kimya. Segera mume wangu alinunua machungwa dirishani, akamenya moja akanipa, akasema, "Matamu." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya saa nne. Baada ya hapo ni Korogwe na mashamba ya mkonge, mistari ya kijani iliyonyooka, huku milima ikianza kujitokeza upande wa kulia.

Mombo basi liliacha barabara kuu likaanza kupanda. Ni kilomita kama 33 kutoka Mombo hadi Lushoto, lakini zinakwenda taratibu kwa sababu barabara imejikunja kufuata ubavu wa mlima. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo na mto chini kabisa. Masikio yakaziba. Kufika Soni hewa ilikuwa imebadilika, abiria wakaanza kufunga madirisha na kutoa masweta. Sisi watu wa Dar tulikuwa na fulana.

Kwenye kona moja kali dereva alipiga honi ndefu, na mume wangu akanishika mkono. Hakuuachia mpaka tulipofika stendi. Nilikaa kimya, nikiogopa kwamba nikiongea ataukumbuka na kuuachia.

Usiku wa kwanza

Gesti tuliyofikia ilikuwa ya kawaida, chumba Sh50,000 kwa usiku na chai ya asubuhi. Kitanda kimoja, blanketi mbili nzito, na ndoo ya maji ya moto ukiomba jikoni. Kochi hakuna. Niliona mume wangu akikizunguka kile chumba kwa macho, na nikajua anatafuta nini.

Tulikula wali maharage na mchicha, tukarudi chumbani mapema kwa sababu ya baridi. Kila mmoja akalala upande wake.

Saa nane usiku niliamshwa na maumivu. Matiti yalikuwa yamejaa, magumu kama mawe. Junior alikuwa bado ananyonya asubuhi na usiku, na nilikuwa nimekaa tangu alfajiri bila kumnyonyesha. Mimi niliyewahi kuandika makala nzima kuhusu kukamua maziwa nilikuwa nimesahau kukamua. Niliamka nikakaa kitandani. Maziwa yalikuwa yametoka yenyewe na kulowanisha kanga niliyojifunga kifuani.

Kanga ile ni kipande kimoja cha doti niliyonunuliwa na mama yangu kwa ajili ya kujifungulia, ya njano yenye maua meusi. Kipande cha pili kilipotea hospitali. Nilikitafuta sana nilipotoka wodini, nikamuuliza mume wangu, nikamuuliza mama mkwe, wote wakasema hawajui. Niliwahi hata kuwahisi vibaya watu wa wodini.

Umeme ulikuwa umekatika. Mume wangu aliamka, akawasha tochi ya simu, na mwanga ukanipiga kifuani, kwenye ile kanga ya njano na doa kubwa la maji.

"Damu?" akauliza. Sauti ilikuwa si yake. "Ni damu? Unatoka damu?"

"Ni maziwa," nikamwambia. "Matiti yamejaa."

Hakusikia. Alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu, anasema atamwamsha mwenye gesti, anauliza hospitali ya hapa iko wapi. Mkono wenye simu ulikuwa unatetemeka mpaka mwanga unaruka ukutani. Nilimshika, nikamwekea kiganja chake kwenye ile kanga. "Nusa," nikamwambia. "Ni maziwa tu."

Akanusa kiganja chake. Halafu akakaa chini, sakafuni, kwenye saruji ya baridi ile, akaegemeza kichwa kitandani. Nilimwita, hakujibu. Nilikamua maziwa kwenye beseni mpaka maumivu yakapungua, na muda wote alinishikia tochi bila kusema neno.

Siku zote nilidhani mume wangu hataki kuuona mwili wangu. Usiku ule kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba huenda anauogopa.

Irente

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa umefunika mji wote. Tulikunywa chai, tukapita sokoni. Kina mama walikuwa wamepanga karoti, kabichi, viazi na liki mbichi zenye umande, mboga zile zile ambazo sisi Dar tunazikuta zikiwa zimechoka. Bibi mmoja alitusalimia kwa Kisambaa, "Onga makeo," tukachekwa kwa kutojua kuitikia.

Tuliamua kwenda Irente kwa miguu. Ni mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka mjini kwa watu wasio na haraka, njia inapita kati ya mashamba na nyumba za watu. Njiani kuna shamba la kanisa ambako wanauza mkate, jamu na jibini wanayotengeneza wenyewe. Tulinunua vya kutosha watu wawili. Ukungu ulipoanza kuondoka, watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walitupita wakikimbia, sisi tukihema.

Kileleni unalipa kiingilio kidogo, unatembea hatua chache, na mlima unakatika ghafla. Chini yako, mamia ya mita, kuna tambarare isiyo na mwisho: mashamba ya mkonge, mapaa ya Mazinde, na barabara kuu tuliyopita jana ikiwa nyembamba kama uzi. Malori yalionekana kama sisimizi. Upepo ulikuwa mkali. Tulikaa kwenye jiwe, mbali kidogo na ukingo.

Pale ndipo nilipouliza. Sikupanga. Ulinijia jinsi unavyonijia kazini, swali fupi tu.

"Usiku ule nilipojifungua, wewe ulikuwa wapi?"

Alikaa kimya kwa muda mrefu, nikadhani hatajibu. Halafu akaanza, akiwa anatazama kule chini, si mimi.

"Nilikuwa kwenye benchi, koridoni. Mama alikuwa ameshapewa mtoto. Nilikuwa nimeshapiga simu kwa watu wote, nimesema mama na mtoto wazima. Nikaona nesi anakimbia. Halafu mwingine. Mlango ukafunguka, nikaona miguu yako. Na sakafu."

Akanyamaza. Nikasubiri.

"Nikaambiwa nitafute watu wa kutoa damu. Ilikuwa inakaribia saa sita usiku. Nikawapigia vijana wa timu, wakaja wanne kwenye bodaboda mbili. Hakuna aliyeuliza kitu, walikuja tu, wengine na ndala. Tulikaa pale. Kila mlango ukifunguka nasimama, najua wanakuja kuniambia. Nilishaanza kufikiria nitamwambiaje mama yako."

Kundi lile la ubishi wa mpira nililolipekua usiku, ndio watu ambao damu yao inatembea mwilini mwangu. Sikuwa najua.

"Alfajiri nesi akanipa mfuko, akasema nguo za mgonjwa wako hizi, kafue. Nikarudi nyumbani. Nilifua kwenye beseni nyuma ya nyumba, ndoo sita za maji. Kipande kimoja kilitakata. Kingine kilikataa. Kila nikisuuza maji yanabaki mekundu. Nikakichoma moto. Mama akanikuta, nikamwambia asikwambie."

"Kwa hiyo kanga yangu..."

"Niliichoma mimi."

Akaendelea, sasa maneno yanatoka kwa haraka. Kwamba kila akinisogelea anaiona ile sakafu. Kwamba mjomba wake akipiga simu kuuliza mdogo wake Junior anakuja lini, anatoka nje kuvuta pumzi. Kwamba kochi si kwa sababu ya mtoto. "Nikilala na wewe utashika mimba. Ukishika mimba utajifungua. Ukijifungua..." Hakumaliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tukae pale. "Wewe ndiye uliyetokwa damu. Mimi ningelalamika nini?"

Kazini huwa nina swali linalofuata. Pale sikuwa nalo. Tulikula mkate na jibini kwa vidole vilivyokufa ganzi. Baadaye nami nikamwambia la kwangu, kwamba mwaka mzima nilidhani hanitaki kwa sababu ya tumbo langu, na kwamba nilipekua simu yake. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akafunika uso kwa mikono. "Tumbo?" akasema. "Mke wangu, tumbo?"

Alichokiona baba

Nimerudi nyumbani nikiwa nafikiri kuhusu kazi yangu. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wajawazito duniani. Mara nyingi chanzo chake ni mfuko wa uzazi kushindwa kujikaza baada ya mtoto na kondo kutoka, na inaweza kumkuta mwanamke aliyekuwa mzima kabisa saa moja kabla. Ndiyo maana mama huchomwa sindano ya kusaidia mfuko kujikaza mara tu mtoto anapozaliwa, na ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kujifungulia kwenye kituo chenye damu na watu wa kuitumia.

Haya yote nimeyaandika zaidi ya mara moja. Sijawahi kuandika kuhusu mtu aliyekaa kwenye benchi nje.

Baba katika hospitali zetu huulizwa mambo machache: kadi ya kliniki iko wapi, vifaa vimekamilika, nani atatoa damu. Sheria ya kazi inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapata tatu. Mume wangu alizitumia zote tatu kwenye korido ileile. Siku ya nne alinirudisha nyumbani asubuhi, mchana akaenda kazini. Wenzake wakampongeza kwa kupata dume.

Anayeshuhudia jambo la kutisha likimpata mtu wake anaweza kubaki na jeraha la akili ingawa mwili wake haukuguswa. Dalili zake ni kama nilizoziona nyumbani bila kuzielewa: picha za tukio kujirudia, kushtuka kupita kiasi, kukwepa chochote kinachokumbusha, kujitenga. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na kuvuruga maisha, ni jambo la kumpeleka mtu kwa mtaalamu wa afya ya akili. Mama naye asisahaulike. Huzuni, kukosa usingizi hata mtoto akilala, au kukata tamaa kwa wiki mbili na zaidi baada ya kujifungua si "uzazi tu". Ni sababu ya kwenda kituo cha afya.

Tuliporudi

Jumatatu jioni tuliingia nyumbani na mfuko wa karoti na viazi. Junior alikuwa amelala kifuani kwa bibi yake, hakuonyesha dalili yoyote ya kutukumbuka. Mama mkwe alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mmeongea?"

"Tumeongea, Mama," nikajibu.

"Amekwambia ya kanga?"

"Amenambia."

"Nilimwambia akwambie tangu siku ya arobaini," akasema, akanikabidhi mtoto. "Karoti zangu zipi?"

Wiki mbili baadaye tulikwenda kliniki, sote wawili. Kwa mara ya kwanza mume wangu aliuliza maswali, na nilishangaa jinsi yalivyokuwa mengi. Mkunga alimweleza kilichotokea mwilini mwangu, taratibu, kwa lugha ya kawaida. Alitwambia kwamba mwanamke aliyewahi kutokwa na damu nyingi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutokwa tena, hivyo nikipata ujauzito mwingine niseme tangu hudhurio la kwanza, na nijifungulie hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji. Alitukumbusha pia kwamba inashauriwa kupita angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Tulichagua njia ya uzazi wa mpango pamoja. Nilipomtazama mume wangu tukiwa tunatoka, alikuwa amelegeza mabega.

Sitaki msomaji adhani mlima umetuponya. Bado hatujui kama Junior atapata mdogo wake. Mjomba bado anapiga simu, sasa napokea mimi. Wiki iliyopita mume wangu aliota tena, akaamka akaenda kwenye kochi. Tofauti ni kwamba aliniambia anakwenda, na kwa nini, na alfajiri akarudi.

Kama nanyi mnataka kutoka

Wazazi kadhaa wameniuliza tulifanyaje, hivyo nayasema tuliyojifunza, mengine kwa kukosea.

Jaribuni usiku mmoja kwanza. Kabla ya safari, mwache mtoto alale na huyo atakayebaki naye mkiwa karibu, mwone kama anakula na kulala. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita anayenyonya maziwa ya mama pekee, msafiri naye, mapumziko yatasubiri.

Mwachie bibi kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, namba ya simu ya jirani mwenye gari au bodaboda mnayemwamini, na fedha za dharura mkononi. Andikeni kwenye karatasi, msitegemee simu, kwa sababu milimani mtandao huja na kuondoka.

Mama anayenyonyesha akamue kila baada ya saa chache, hata kwa mkono, ili kupunguza tu maumivu. Titi likiwa jekundu, la moto, na ukapata homa, nenda kituo cha afya, usisubiri kurudi nyumbani. Ukirudi, mtoto anaendelea kunyonya kama kawaida. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, sambamba na chakula, na siku mbili hazifuti kitu.

Fedha. Sisi tulitumia chini ya Sh300,000 kwa nauli, chumba, chakula na karoti za mama mkwe. Tuliweka kidogo kidogo, na tulikwenda bila mpango wa kupiga picha wala kutembelea kila maporomoko. Kwa asiye na kiasi hicho, si lazima Lushoto. Inatosha saa tatu kwenye benchi la ufukweni huku mtoto akiwa kwa shangazi yake. Kinachotakiwa ni muda ambao hakuna anayelia, na mahali ambapo hakuna kochi la kukimbilia.

Na mkishafika, ulizaneni. Mama, muulize baba wa mtoto wako alikuwa wapi saa ile unajifungua, aliona nini, aliogopa nini. Baba, mjibu. Halafu na wewe umuulize yeye. Sisi swali letu lilisubiri miezi 14, na jibu lake lilikuwa limelala sebuleni kwetu muda wote huo.